Chupa Iliyofunguliwa Mara Mbili

Aliyesoma fasihi shuleni huku kwetu analijua jedwali lile: jina la mhusika upande huu, sifa zake upande ule. Mtiifu, mwoga, mlevi, mvumilivu. Nimeona miongozo ambamo "mwoga" na "jasiri" zimepewa mtu mmoja, tena ukurasa mmoja, na aliyeandika mwongozo akapita zake kama hakuona kitu. Mwanafunzi anakariri, anazimwaga siku ya mtihani, anapata alama. Sina ugomvi na alama. Ninachogombania ni kwamba woga umewekwa kundi moja na uchoyo na uvivu, kana kwamba mtu huzaliwa nao. Katika hadithi iliyoandikwa vizuri woga una aliyeutia. Una siku yake, una nyumba yake, mara nyingi una fimbo yake. Na ukishamwingia mtu haubaki na sura ya woga. Utaukuta umekuwa hasira, au pombe, au kimya, au kiherehere cha kumpendeza kila anayepita.

Wa kunisaidia hapa si binadamu. Ni jini.

Kisa cha mvuvi na jini wengi tulikisikia kabla hatujajua kusoma, usiku, kwa bibi au shangazi, baada ya paukwa na pakawa, kila msimuliaji na chumvi yake. Katika Alfu Lela Ulela mvuvi ni mzee fukara mwenye mke na watoto, na desturi yake ni kutupa wavu mara nne tu kwa siku. Mara ya kwanza wavu unakuja na mzoga wa punda. Ya pili, mtungi uliojaa mchanga na matope. Ya tatu, vigae na takataka. Ya nne, chupa ya shaba iliyozibwa kwa risasi na kupigwa muhuri wa Nabii Suleiman. Anaichokoa kwa kisu. Moshi unatoka, unapanda mawinguni, unajikusanya unakuwa jini, na habari anayopewa mvuvi ni kwamba achague namna ya kuuawa.

Mvuvi anahoji: kosa langu nini, nami ndiye niliyekutoa? Jini anaeleza. Karne ya kwanza ndani ya chupa aliapa kwamba atakayemfungua atamtajirisha maisha. Hakuja mtu. Karne iliyofuata akapandisha dau: atamfungulia hazina za ardhi. Hakuja mtu. Baadaye akaahidi kumtimizia haja tatu. Miaka ikapita, kimya kile kile, chini ya bahari ile ile. Ndipo akaghadhibika, akaapa kwamba atakayemfungua sasa atamuua, na hisani pekee atakayomfanyia ni kumwachia achague kifo chake.

Utotoni tulikiona hiki kichekesho cha jini mjinga. Nikikisoma sasa naona mtu aliyekijua kisa cha kufungiwa kwa undani kabisa. Huyo jini hakuanza na ubaya. Alianza na shukrani tele, akaingoja fursa ya kuitoa, na ile shukrani ikamchachia mkononi. Aliyemfunga hayupo tena, kwa hiyo hasira yote inamwangukia aliyemfungua, kwa kosa moja tu la kuchelewa. Ulikuwa wapi siku zote? Waliowahi kumpokea ndugu aliyetoka kifungoni, au binti aliyerudi kutoka ndoa ya mateso, swali hilo wanalijua, hata kama halikutamkwa. Unampa chai, anakujibu kwa ukali. Unamtandikia kitanda, hakitaki. Unajiuliza umemkosea nini, na hujamkosea kitu, ila umekuja mwaka huu badala ya mwaka ule.

Mvuvi naye, tazama anavyofanya. Hamlilii jini amhurumie, maana kulia kumeshajaribiwa na hakukufaa. Anamwambia: siamini kwamba jitu kubwa kama wewe liliingia katika kichupa hiki. Jini anajigeuza moshi, anajirudisha chupani ili kumthibitishia, na mvuvi anakiziba. Wengi wanakimalizia kisa hapo, wanasema akili ni mali. Lakini kisa hakijaisha. Jini anaomba, mvuvi anakataa, anamsimulia habari ya Mfalme Yunan na tabibu Duban: mfalme aliyeponywa ugonjwa wa ngozi na tabibu, kisha akamuua tabibu yule yule kwa sababu ya maneno ya waziri mwenye husuda. Maana yake: nawajua watu wa namna yako. Jini anaapa kwa jina la Mungu kwamba hatamdhuru. Na mvuvi anaifungua chupa mara ya pili.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Mara ya kwanza alifungua kwa kutojua, labda mna dhahabu. Ya pili alifungua akijua kilichomo, kikiwa kimeshamtishia, na bila dhamana yoyote zaidi ya kiapo. Jini anapotoka, jambo la kwanza analofanya ni kuipiga teke chupa ikatumbukia baharini, na mvuvi anaingiwa na hofu upya, anajiona amekwisha. Jini anacheka, anamwambia nifuate. Anampeleka kwenye ziwa lenye samaki wa rangi nne, nyeupe, nyekundu, buluu na njano.

Nimelitafakari sana lile teke. Msimuliaji angeweza kuliacha. Angeweza kumtoa jini akiwa mpole, mvuvi akiwa na moyo mkunjufu, wakaondoka wameshikana mikono. Badala yake ametuonyesha kwamba mtu anaweza kumwamini mwenzake huku magoti yanamtetemeka. Hofu haikumtoka mvuvi kwanza ndipo akaamini. Alivibeba vyote viwili kwa pamoja kutoka ufukweni hadi ziwani, akimfuata jini nyuma, hajui anakopelekwa.

Na anayekisimulia kisa hiki ndani ya kitabu ni Shahrazad, tena anamsimulia mtu ambaye naye yumo chupani. Mfalme Shahriyar amemfumania mkewe. Ndugu yake, Shahzaman, yamemkuta yayo hayo. Wanaingia njiani kutafuta kama yupo duniani aliyefikwa na makubwa zaidi, na wanamkuta mwanamke ambaye jini alimpora usiku wa harusi yake akamtia sandukuni, akafunga makufuli, akamzamisha baharini. Pamoja na yote hayo ana rundo la pete, moja kwa kila mwanamume aliyelala naye jini akiwa usingizini. Wafalme wawili wanaondoka na somo lao: wanawake hawaaminiki. Kwamba makufuli yote yale hayakumpa jini uaminifu hata wa kuweka kidoleni, hawalioni. Shahriyar anarudi mjini, kila usiku anaoa, kila asubuhi anaua, mpaka wasichana wanaadimika.

Mfalme huyu ukimsoma kwa makini ni mtu aliyeogopa mno. Amejitengenezea ndoa isiyoweza kumsaliti, kwa kuwa haifiki mchana. Nasema haya bila kumwonea huruma kupita kiasi. Waliokufa ni wasichana, yeye alikula na kulala. Mtu kuwa na jeraha hakumwondolei damu mikononi, na hadithi nyingi za siku hizi zinalisahau hilo: zikishatuonyesha utoto mbaya wa muuaji zinatutaka tulie naye.

Shahrazad anajitolea mwenyewe. Baba yake, waziri, anamsimulia habari ya ng'ombe na punda ili kumzuia, haikusaidia. Mpango wake ni mdogo. Anamwomba mfalme mdogo wake Dunyazad aje alale chumbani, na Dunyazad atakapopewa ishara aombe hadithi. Basi. Hamkemei mfalme, hamwombi abadilike, hamwambii kuwa si wanawake wote wako hivyo. Anaanza na mfanyabiashara aliyekula tende, akatupa kokwa, jini akatokea akidai kwamba kokwa ile imemuua mwanawe, na wazee watatu wapita njia wakainunua damu ya mfanyabiashara kwa hadithi, kila mmoja theluthi yake. Mfalme anasikiliza mtu mwingine akidai damu ya asiye na hatia. Halafu kunakucha, hadithi haijafika mwisho, na mfalme anakwenda barazani kwake kuamua mashauri ya watu.

Mwisho tunaoupenda, wa watoto na msamaha na ndoa rasmi, umo katika matoleo ya baadaye. Hati ndefu ya Kiarabu iliyo kongwe zaidi, iliyoko Paris na ambayo Mfaransa Antoine Galland aliitumia kwa tafsiri aliyoanza kuichapisha mwaka 1704, inakatika kabla ya usiku wa mia tatu. Humo hakuna msamaha. Kuna mwanamume anayeahirisha kuua, siku baada ya siku, na mwanamke anayelala kila usiku bila ahadi ya siku ya pili yake. Mimi naipenda hati hiyo isiyo na mwisho. Inafanana zaidi na nyumba ninazozijua.

Sasa turudi kwenye riwaya zetu wenyewe. Wahenga wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watu wakaichukua methali hiyo kama maelezo kamili ya hofu: aliyeumizwa hujihadhari. Euphrase Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed wameandika kinyume chake, na nadhani wao wako karibu zaidi na ukweli.

Chukua Rosa, wa Rosa Mistika, kitabu cha Kezilahabi cha 1971 ambacho kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kabla ya kurudi kuwa kitabu cha kusomwa darasani. Tuko Namagondo, kisiwani Ukerewe. Zakaria, baba yake, ni mlevi wa kutupwa, lakini kwa habari ya wavulana ana macho makali kuliko askari. Inakuja barua kutoka kwa Charles, barua ya kijana kwa msichana, na Rosa anapigwa kipigo ambacho hakilingani na barua yoyote. Baada ya hapo mwanamume kwake ni kitu cha kukimbia. Anafika shule ya bweni akiwa hivyo hivyo, wenzake wanamwona wa ajabu. Na ghafla, akiwa mbali na fimbo, anageuka. Wanaume wanafuatana, na hakuna hata mmoja anayempima kabla.

Atampimaje? Alifundishwa kwamba wote ni hatari sawasawa. Mtoto aliyeambiwa kila nyoka ana sumu, siku atakayomshika wa kwanza asimuume, atawashika wote. Kazi ya kutofautisha, huyu ana maneno matamu lakini macho hayatulii, huyu hana maneno lakini anakuja anapoahidi, mtu huijifunza kwa makosa madogo madogo akiwa na pa kukimbilia. Zakaria alimnyang'anya Rosa makosa madogo, akabakiwa na makubwa. Rosa anakuja kujitoa uhai, na Charles, mwandishi wa barua ile, yumo katika sababu.

Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980, naye yuko vivyo hivyo ila nyumba ni ya kitajiri. Bwana Maksuudi ni mtu mzito mjini, anawania uongozi, na nyumbani amewatia mkewe Bi Tamima na bintiye ndani kama vyombo vya kabati. Nje ya nyumba ile kuna Bi Farashuu, mkunga, mwenye kisasi cha miaka na Maksuudi kwa aliyomtendea mwanawe. Maimuna anatoka kwa mlango ambao umefunguliwa na kisasi cha mtu mwingine. Hajui. Angejuaje? Kwake mkono uliomtoa ndani ni mkono wa huruma, kwa sababu mkono wa pekee anaoufahamu kwa undani ni ule uliomfungia. Anaishia kwenye mabaa, pombe, wanaume.

Ndiyo maana "malaya" na "mlevi" katika jedwali lile zinanikera. Si kwamba ni uongo, yametokea. Ila zimeandikwa mahali pa sababu. Maksuudi mbona katika miongozo hiyo hiyo mara nyingi anaitwa "mkali"? Mkali!

Kitu kimoja riwaya hizi mbili hazikumpa msichana ni muda. Kwa Rosa hakuna mtu anayefungua mara ya pili. Kwa Maimuna yupo Kabi, anayemwoa akijua kila kitu, na hapo mwandishi anaharakisha kidogo kwa ladha yangu. Ningependa kurasa hamsini zaidi za ndoa ile: asubuhi zake, siku ambayo Kabi alichelewa kurudi na Maimuna akawaza nini.

Kurasa hizo hamsini nilizipata kwa mwandishi mwingine. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Nobeli ya fasihi mwaka 2021, anaandika kwa Kiingereza, lakini nyumba zake ni zetu mpaka uani. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya 1994, inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyetolewa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, akiamini kwamba anakwenda kutembea na ami. Anayemfungua macho ni Khalil, rehani mwenzake, na anamfungua kwa masimango: huyo si ami yako. Usiku Yusuf anaogopa mbwa. Kitabu kinamwacha akikimbilia msafara wa askari wa Mjerumani, na msomaji anafunga kitabu na donge.

Afterlives, riwaya yake ya mwaka 2020, si mwendelezo, ila Hamza wake anaanza karibu na pale Yusuf alipoishia. Amekuwa askari wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, na aliyemjeruhi hakuwa adui. Ni Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe, kwa upanga. Anarudi katika mji wa pwani akichechemea, hana ndugu, hana pa kulala. Karani mmoja, Khalifa, mtu wa maneno makali na moyo laini, anampa chumba cha stoo. Anapata kazi, baadaye anaingia kwenye useremala. Usiku anaweweseka.

Katika nyumba hiyo yupo Afiya. Alipokuwa mdogo aliachwa kwa watu aliowaita ami na shangazi. Kaka yake, Ilyas, alimfundisha kusoma na kuandika, kisha akaenda vitani upande wa Wajerumani na kumrudisha kule kule. Yule ami alipogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika, alimpiga mpaka akamvunja mkono. Afiya akaandika kikaratasi cha maneno machache kuomba msaada. Kikapita kwa mwenye duka, kikasafiri, kikamfikia Khalifa, na Khalifa akaja. Soma tena: silaha aliyopigwa kwa sababu yake ndiyo iliyomtoa. Na aliyekuja alikuja upesi. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Afiya na jini. Si kwamba ana moyo mwema zaidi. Alipolia alisikika angali karne ya kwanza.

Mapenzi ya hao wawili Gurnah anayajenga kwa vitu ambavyo katika tamthilia za runinga visingefika hata kwenye tangazo. Salamu mlangoni. Kuangaliana, kisha kuangalia pembeni. Hamza ana kitabu cha Kijerumani alichoachiwa na ofisa wake, mashairi ya Schiller, naye anamfasiria Afiya beti chache kwa Kiswahili kwenye karatasi. Mwanamume aliyejifunza lugha hiyo kambini, akitukanwa na kuchapwa nayo, anaitumia kumtongoza msichana aliyevunjwa mkono kwa ajili ya kuandika. Gurnah halizungumzii hilo kwa sauti, anapita nalo tu.

Habari zake Hamza anazitoa kidogo kidogo, nyingine baada ya ndoa, nyingine hazitoki. Afiya anauliza mara moja, akiona hajibu, anaacha, anarudi siku nyingine kwa njia nyingine. Akiweweseka anamwamsha. Hapa tamthilia zetu zingempa usiku mmoja wa mvua, muziki wa kinanda, mwanamume anapasuka kulia, anasema yote tangu utoto, wanakumbatiana, na sehemu inayofuata amepona kabisa, yuko ofisini na tai. Nimezitazama, sitajifanya sizitazami. Lakini mtu niliyemuona kwa macho yangu akitulia baada ya mambo mazito hakutulia hivyo. Alipewa kazi ya mikono, akawa na mtu wa kula naye chakula cha usiku, na jirani mwenye busara ya kutouliza.

Hamza na Afiya hawamalizi. Wanapata mtoto, wanampa jina la mjomba aliyepotea, Ilyas, na mtoto akikua anaanza kusikia sauti na kunong'ona peke yake, kwa sauti isiyo yake. Wazazi wanahangaika. Analetwa shekhe wa kike, kunafanywa shughuli, ubani na ngoma. Wasomaji wengine huko nje wanalichukulia hilo kama rangi ya mila. Mimi naliona la busara kabisa, kwa sababu kinachotakiwa na ile sauti ni habari: Ilyas yuko wapi? Hofu ambayo wazazi waliweza kuishi nayo imemfikia mtoto ikiwa swali, na swali hilo dawa yake ni mtu kwenda kuuliza. Miaka mingi baadaye, Tanganyika imeshapata uhuru, kijana huyo anapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Anaingia kwenye nyaraka, ofisi baada ya ofisi, na anamkuta mjomba wake: askari mtiifu wa Kaizari, aliyefia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen.